Mizani

Bibi yangu alipozaliwa
karani wa kituo alimwandika kwa jina la Kijapani.
Miaka minne mama yake alimwita Ok-bun
kwa mnong'ono tu, kama afichaye kaa la moto majivuni.
Basi uhuru, kwake, haukuwa bendera.
Ulikuwa jina lake kuitwa kwa sauti kisimani,
mwezi wa Agosti, mchana kweupe,
hadi mbwa wa jirani wakabweka.

Kisha vita. Vita hazungumzii.

Huzungumzia kile walichokiita kilima cha shayiri:
miezi ile mchele umekwisha na shayiri ingali kijani,
taifa zima likipanda mlima usioonekana
kwa miguu iliyovimba.
Walitwanga gome la msonobari wakalila.
Husema hivyo bila huzuni,
kama mtu anayekutajia namba ya basi.

Mnunuzi wa nywele aliingia kichochoroni kwa baiskeli,
mkasi mfukoni, mizani begani.
Bibi alikuwa na miaka ishirini na mitano
na msuko uliomfika kiunoni.
Kra. Kra. Kra.
Gramu mia tatu na arobaini.
Akapata nusu gunia la shayiri, penseli mbili za mdogo wake,
na baridi ya shingo ambayo, anaapa, haijamtoka mpaka leo.
Mistari hii haina mizani.
Mizani aliondoka nayo yule bwana.

Wigi likavuka bahari. Jioni, redio ya mwenye duka
ikasoma kwa dola mauzo ya nchi ng'ambo,
naye akatega sikio
apate kujua kama na yeye amehesabiwa.

Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
lakini nani amewahi kuiuliza haba iliumia wapi?

Kule Guro alishona nywele za wanawake asiowajua,
usiku kucha, msimamizi akigawa vidonge vya kufukuza usingizi
kama mgawa peremende.
Babu akaenda Ulsan kuchomelea meli,
akarudi na macho mekundu na vidole vinane.
Mama yangu akavikwa nguo nyeupe, kope tu nje,
akatengeneza vipande vya silikoni vidogo kuliko ukucha wa mtoto.
Nywele, chuma, mchanga:
kila kizazi kiliuza kilichokuwa karibu na mkono.

Halafu deni likabisha hodi.
Majira ya baridi, tisini na nane, foleni mpaka nje ya benki,
watu na dhahabu zao kwenye leso.
Pete ya bibi ilikataa kutoka, ikabidi sabuni.
Ikawekwa kwenye mizani.
Gramu tatu na robo tatu.
"Nimepungua," akamwambia karani, akacheka peke yake.

Leo mimi ni ofisa wa mikopo, ghorofa ya ishirini na sita.
Wageni huja na mafaili, suti zimekunjamana kwa safari,
wanataka reli, wanataka umeme.
Nawamiminia chai. Nawauliza:
mna nini cha kuweka dhamana?
Juzi nilipolitamka hilo, mna nini,
nikasikia mkasi.

Jumapili nikampelekea bibi machungwa ya Jeju.
Nywele zake sasa ni fupi, nyeupe, zimetiwa mawimbi
kama za vikongwe wote wa jengo lao.
Televisheni ilikuwa ikitupanga: uchumi wa kumi na ngapi
duniani, sikushika vizuri.
"Yule aliyenivaa kichwani," akasema ghafla,
"unadhani alikuwa mtu mwema?"

Sikujua. Nikamenya chungwa.

"Na hao wanaokuja kwako," akasema,
"majina yao unayajua?"

Nikamenya la pili.